Vaa Vile Vyepesi

Mjukuu wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama, pamoja na zile jozi mbili za viatu. Unaniuliza uvae ipi katika marathoni ya Jumapili. Nimevipeleka kwa jirani yangu muuza nyama, tuvipime.

“Mzee, leo tunapima viatu au maini?”

“Pima, acha maneno.”

Kila kiatu kipya kina gramu mia mbili. Vile vya mwaka jana vina mia tatu na themanini. Uzito huo wa ziada naujua. Mwaka jana uliniletea viatu hivyo nikushonee ulimi uliofumuka. Mimi, fundi viatu wa miaka arobaini, nikaona soli ni nyembamba, nikaigundishia nyingine chini yake bila kukuuliza. Ukaacha mbio kwenye kilomita ya thelathini, ukamwambia kila mtu kwamba ni tumbo. Uongo sikukufunza, lakini ule ulinisitiri.

Nimezikagua tena soli hizo. Zimelika sawasawa, kulia na kushoto. Katika kazi yangu yote sijaona mguu unaokanyaga vizuri namna hiyo, na ni mguu wa damu yangu.

Basi vaa vile vyepesi. Nimevifunga vilevile kama vilivyokuja, sikugusa hata uzi. Jumapili nitakuwa mbele ya televisheni ya muuza nyama. Nimekwisha kumwambia ni yupi wa kumtazama.

Babu yako,
aliyeficha gundi mpaka urudi.