Dakika Kumi za Mtani

Jumatatu, 3 Juni 2024

Luhaga amefariki. Mke wangu Raya kasikia redioni, akaja kuniambia huku ananikagua usoni kama anapima homa. Nikaendelea kukaanga muhogo.

Miaka kumi na moja tangu aifungie tamthilia yangu — ile ya mheshimiwa anayelizungushia ziwa uzio. Asubuhi ya onyesho! Viti vimeshapangwa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa vibali vya maonyesho. Tangu hapo naandika maigizo ya kunawa mikono. Na ya choo bora. La choo limefika hadi Geita.

Nilidhani nitafurahi. Muhogo umeungua tu.

Jumanne, 4 Juni

Mashimba, mwanawe, kapiga simu. Diwani siku hizi. Shikamoo ya heshima kabisa. Wanazika Alhamisi, ng'ambo ya ziwa, karibu na Kamanga, na marehemu aliacha neno: mtani msibani awe Mbaruku. Mimi!

Babu yangu Mzaramo, alikuja Mwanza na reli. Wao Wasukuma. Watani, hakuna ubishi. Mtani humwigiza marehemu mbele ya watu wote — mwendo, sauti, hata uchoyo — na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika.

Yaani aliyeninyima jukwaa kaniachia jukwaa. Nikamwambia Raya siendi. Akasema kanzu ameshaipiga pasi.

Jumatano, 5 Juni

Mashimba kaja mwenyewe hadi kwangu Kiseke. Kanywa chai, kasifu chapati. Kisha: mzee, utani uwe wa kawaida, wakubwa watakuwepo. Mwendo wa baba, sawa. Kupenda kwake supu, sawa. Habari za kufungia tamthilia ziachwe. Nikiziacha, tamthilia itapata kibali. Kimeshasainiwa, atanikabidhi baada ya maziko. Kanionyesha bahasha, kairudisha mfukoni.

Jioni nikajaribu mwendo wa Luhaga sebuleni. Ninao wote. Hata alivyolamba kidole kabla ya kufunua ukurasa. Aliisoma tamthilia yangu mara tatu, mstari kwa mstari, kwa wino mwekundu. Waigizaji wangu wenyewe hawakuisoma hivyo. Hakuna mwingine aliyewahi kuisoma hivyo.

Jamani, nimemlilia! Raya kajifanya haoni.

Alhamisi, 6 Juni

Kivuko cha saa mbili. Watu wamejaa hadi nje ya turubai. Naandikia nyuma ya ratiba ya misa, nitaibandika humu baadaye.

Nimepangiwa dakika kumi, kati ya kwaya na salamu za wakubwa. Mashimba kapita, kapapasa mfuko wenye bahasha, kanikonyeza.

Baadaye mjane, Mama Sabina, kaniletea koti la marehemu na miwani yake. Nikampa pole.

"Mtani, wasikudanganye," akasema. "Mume wangu alikuita wewe, hakuita mchekeshaji. Useme na lile alilokutenda. Nataka azikwe mzima, mema na mabaya yake."

Nikamwambia nina dakika kumi tu. Akasema anajua, ndiye aliyezipanga.

Nataka kile kibali. Niandike hapa angalau, maana kwingine sitasema. Nina miaka sitini na mbili na nataka kuiona tamthilia yangu jukwaani.

Kwaya imemaliza. Koti linanibana kwapani. Watu wameanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mashimba naye anacheka, mkono mfukoni. Mama Sabina hacheki. Kakaa mbele kabisa, ananitazama usoni, anasubiri —