Jina la Mama Kabla ya Kuolewa

Jumanne, Nguvumali

Na namba ya simu nimewapa ya kweli! Ujinga gani huu?

Nilitaka kuripoti kosa moja tu. Programu ya nyakati za swala kwenye simu yangu imeadhini adhuhuri saa nne asubuhi, Mama akaacha nazi kwenye mbuzi akakimbilia kutawadha. Nikabonyeza "ripoti tatizo". Ikataka kwanza nifungue akaunti: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba, picha ya uso. Halafu swali la siri, jina la mama kabla ya kuolewa.

Nikamuuliza mwenyewe.

"Mwanaidi binti Omari."

"Hilo la sasa, Mama. La kabla ya kuolewa?"

"Hilo hilo! Baba yako alinioa, hakunizaa."

Nikajaza. Sasa naogopa kweli, maana uso wangu wanao, na mahali pa kueleza kosa lenyewe sijapaona hadi sasa.

Mama alinitazama nikihangaika, akauliza, "Hao wanaotaka jina, umri, sura na mama yako, unawajua?"

"Siwajui."

"Basi hiyo ni posa, mwanangu. Wakifika kwenye mahari, niite."