Koki Sita

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nataka kujua mnaendeleaje hapo nyumbani. Shemeji ameanza kuvumilia mwanga kwa hilo jicho lililobaki? Watoto wanalala? Na wewe unakula, au ndiyo unashinda na chai ukisema huna hamu? Mimi mzima wa mwili, mkono wa kulia tu ndio unauma nikishika kalamu. Usihangaike nao.

Najua Jumatatu umeitwa mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya Profesa, mpima hewa wetu, na uliniandikia kwamba utaomba afungwe mpaka aote mvi. Kabla hujasema neno, nisome mpaka mwisho. Nakujua unavyosoma barua, unaanzia chini. Leo anzia juu.

Uliwahi kuniuliza ugomvi ule ulianzia wapi, nikakujibu kwa jeuri kwamba huwezi kuelewa. Mjinga nilikuwa mimi. Dunia imewekewa kikomo cha joto, na mji wetu umekatiwa kipande chake. Ndani ya kipande hicho kila hewa ina fungu. Kuna hewa ukaa ya tanuri la saruji anakofanya kazi Shemeji, na kuna methani inayotoka kwenye taka zinazooza kwenye dampo letu. Methani ni kidogo lakini kali, kilo yake moja inashika joto kuliko makumi ya kilo za hewa ukaa. Kwa hiyo dampo likivuja kuliko ilivyotarajiwa, fungu lililobaki la tanuri linapungua, hata kama tanuri lenyewe halijaongeza moshi hata chembe.

Watu wa mipango walipiga hesabu kwamba tukichimba visima kumi na kimoja na kuichoma gesi, methani itashuka nusu, na tanuri litaendelea kuwaka miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa mtu wa visima. Profesa alipima hewa kuzunguka dampo kila Jumanne, na vipimo vyake vikagoma kushuka. Yule bwana hajui kudanganya hata kwa adabu, akaandika alichokiona. Miaka kumi na miwili ikawa saba. Karatasi ilibandikwa kwenye geti la kiwanda asubuhi, na kabla ya saa sita mchana wafanyakazi mia mbili walikuwa wamefika kwetu dampo na mawe.

Mlinzi aliwaomba wangoje, wakamng'oa meno mawili kwa kufuli la geti lake mwenyewe. Walipasua madirisha. Waliikanyaga mashine ya kupimia mpaka ikawa vipande, wakamburuta karani wa mizani kwa nywele hadi kwenye maji ya taka. Walipiga kelele kwamba moshi wao unaonekana na uozo wetu hauonekani, halafu wanaofungiwa kazi ni wao. Mmoja alirusha tairi linalowaka karibu na kisima cha tatu. Moto uliruka ukampita mtu kimo, ukamrudia yeye mwenyewe, na harufu ya nywele zake bado iko puani mwangu. Profesa alikuwa chini ya ukuta, wanaume watatu wanampiga mateke ya mbavu, na yeye anawasihi waziangalie namba, waziangalie tu namba.

Umeambiwa Shemeji alikuwa mstari wa mbele. Ni uongo. Mumeo hakumgusa mtu. Yeye ni fundi bomba, na fundi bomba hata vitani macho yake yanatafuta bomba. Aliwaacha wenzake wakivunja, akapanda kilima cha taka peke yake kwenda kuviona visima. Nilimwona akipanda. Nikamfuata na spana kubwa.

Dada, sasa ndiyo nafika penyewe. Kila kisima kina koki ya pembeni. Unaifungua kupima, ukimaliza unaifunga. Sita kati ya hizo zilikuwa zimeshika kutu, kila moja inakula nusu saa na ngozi ya viganja. Nikaona isiwe taabu. Nikaziacha wazi, Jumanne hadi Jumanne, miezi minne mizima, gesi inapuliza hewani badala ya kwenda kuchomwa. Hata karatasi ilipobandikwa nilijua, nikanyamaza.

Shemeji aliikuta ya kwanza, akaikuta ya pili. Aliniona nimesimama nyuma yake, akaniambia bila hasira yoyote kwamba koki ziko wazi, kwamba hiyo ni kazi ya siku moja tu, twende tukawaambie wenzake waache fujo maana tanuri lina miaka yake. Alikuwa anacheka kwa furaha. Nikampiga spana usoni. Sikuwa najitetea, wala hakuninyanyulia mkono. Nilitaka anyamaze. Alipoanguka nikampiga tena.

Spana niliitupa pale pale, nikateremka. Profesa ndiye aliyejikokota juu na mbavu zake zilizovunjika, akaisogeza spana ili apate kumlaza vizuri, akavua shati kumziba damu. Polisi wakamkuta hivyo, spana pembeni yake, damu mpaka viwikoni. Shemeji hakumbuki chochote cha siku ile, na mimi nikashukuru Mungu kwa hilo. Naona aibu kuliandika. Nikienda mahabusu, Profesa huniuliza kwanza hali ya mgonjwa.

Kesho yake alfajiri nilianza kuzifunga zile koki zote sita, nikatoa jasho la damu. Tulipoletewa mashine nyingine nikaachiwa mimi kazi ya Profesa ya kupima, na vipimo vikashuka karibu nusu. Lakini kitabuni nimeendelea kuandika namba ya zamani, kwa sababu ikishuka ghafla wataniuliza nimefanya nini. Methani haikai angani muda mrefu kama hewa ukaa. Ukiikata leo, makali yake yanapungua ndani ya miaka kumi na kidogo, na fungu la tanuri linapanuka. Mimi nimelibana kwa kalamu tu. Watu sabini wameshapunguzwa kazi kwa namba ambayo haipo.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la taka. Ukiipata, mimi nitakuwa kituo cha polisi pamoja na vipimo vya kweli. Sikuombi unitetee Jumatatu. Naomba usimseme Profesa, basi.

Wabusu watoto. Ukiona vyema waambie mjomba amesafiri, ukiona vyema zaidi waambie ukweli. Shemeji simtumii salamu, sina uso huo. Wewe msomee tu barua hii, taratibu, maana hakumbuki kwamba siku ile yeye ndiye aliyeliokoa tanuri lao.

Ni mimi,
mdogo wako.