Kanzu ya Kwendea Roma

Sefu, ndugu yangu,

Salamu zikufikie huko ulikotangulia. Mimi mzima, ila tangu juzi nimepigwa na bumbuwazi, na wa kumweleza ni wewe tu.

Juzi tulikusomea hitima ya arobaini pale kwenu Chumbageni. Baada ya wali mama yako akaniita ndani, akanikabidhi ile kanzu aliyokushonea ya kwendea Olimpiki, Roma. "Homa imemkatiza mwenzio safari," akasema. "Sasa utakwenda wewe."

Nikatoka nayo barazani. Mwalimu Hamza, aliyekuwa akitufundisha mbio, alipoiona akainamisha kichwa, ndipo akanieleza. Kule mtu haendi kwa mbio zake, Sefu. Hupelekwa na kamati ya nchi yake, na kamati hiyo lazima itambuliwe na wakubwa wa Olimpiki, na kabla yake viwepo vyama vya michezo vilivyojiunga na vyama vya dunia. Jirani zetu Kenya wanayo. Tanganyika hatuna. Mwalimu mwenyewe kajua majuzi tu, alipouliza Dar es Salaam.

Nilikaa chini. Sisi tulidhani ni kama mashindano ya ngoma hapa Tanga: ukiwashinda mtaa wa Usagara, ukawashinda na Pangani, mbele ni kwenda tu, nani akuzuie? Kila asubuhi ulinipita barabarani, ukageuka ukaniuliza, "Vipi, umeota mizizi?" Hata ungewapita walimwengu wote namna ile, usingekwenda. Siku zote hizi nimekulilia kwa safari uliyoikosa, kumbe safari yenyewe haikuwepo. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jana nikamrudishia mama yako kanzu, nikamweleza yote. Akauliza, "Hiyo kamati huundwa na malaika?"

Nikamwambia hapana, huundwa na watu.

Akaikunja kanzu, akanipa tena. "Basi iundeni. Kitambaa kizuri hiki, kitangoja."

Ijumaa baada ya sala tunakutana na wenzetu wa Usagara, tuanze na chama cha mbio cha hapa Tanga. Unajua nisivyopenda vikao. Nitakaa, Sefu, mpaka mwisho. Na siku mmoja wetu atakapoitwa, ataivaa kanzu hii hata ikimpwaya, nami nitamwambia ilishonewa nani.

Mola akupe raha huko. Mimi asubuhi bado nakimbia, na bado nakuachia upande wako wa barabara.

Nduguyo,
Bakari