Klachi Mpya na Mto wa Sufi

Kwako Mama Rukia, mke wangu wa kwanza na wa mwisho (wa katikati alikosekana),

Kabla sijasema langu, niambie lako. Presha imetulia, au bado unaitulizia kwa chai ya tangawizi na ubishi? Yule mbuzi wa pembe moja ameacha kula kanga za watu? Mimi mzima, kwa kadiri mzee anavyoweza kuwa mzima kwenye joto la Doha. Asubuhi nafanana na mtu, ikifika adhuhuri nafanana na ubani uliobaki kwenye chetezo.

Nakuandikia kwa sababu ninayelala naye chumba kimoja, yule Mpemba mpishi wa hoteli kule Al Sadd, anakuja likizo na amenipa nafasi kwenye begi lake. Tena kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika kwenye kosa langu. Barua haikatizwi.

Unalikumbuka lile pikapu la mzee mwenye nyumba ninayemwendeshea hapa Al Thumama. Magari mengine yote ya nyumba hii yanajibadilishia gia yenyewe, isipokuwa hilo la kupelekea majani ya mbuzi shambani. Hilo bado ni la kukanyaga klachi. Klachi yenyewe ilizeeka, ikawa inashikia juu kabisa, ukiigusa kidogo gia inaingia. Halafu ikaanza kuteleza, injini inalia na gari haliendi, kama shemeji yako fulani siku ya kulima. Tukalipeleka sanaiya, kwenye magereji, kwa fundi Wekesa, Mkenya wa Bungoma, mtu mzima wa watoto wanne. Akashusha giaboksi, akatia klachi mpya, akaendesha mwenyewe, mimi nimekaa kando kama bibi harusi. Gia zinaingia kama kijiko kwenye uji. Nikamshukuru, nikashika usukani, nikaweka vitu vyangu sawa, nikaondoka.

Taa ya kwanza tu ya barabarani, nakanyaga klachi mpaka mwisho na gari bado linavuta kama ng'ombe aliyeona maji. Gia inakwaruza. Rivasi ndiyo usiseme. Ikawa kila taa nazima injini, natia namba moja, ndiyo nawasha, gari linaruka na majani yanamwagika nyuma. Honi za nyuma yangu hazikuwa na adabu kwa mzee.

Nikarudi. Wekesa akaendesha, sawa. Akasema labda kuna hewa kwenye mafuta ya klachi, akaitoa. Nikaondoka, likavuta. Nikarudi tena. Akashusha giaboksi upya kwenye jua lile, akatazama kama pleti ya klachi ameiweka kinyume. Haikuwa kinyume. Akaendesha, sawa. Basi akaniangalia.

"Mzee wangu, kwangu inakata, kwako haikati. Kwani wewe huikanyaga aje?"

"Nilianza kukanyaga klachi mama yako hajapata mchumba," nikamwambia.

Alicheka nusu. Mwenye gereji alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa ameshasema gari hili likirudi mara ya tatu, Wekesa akatafute pa kwenda. Na hapa, mke wangu, mtu hahami kazi kama anavyohama kibaraza.

Kesho yake likavuta tena. Kidogo tu nimpande mtu kwa nyuma, tukabakiza upana wa kiganja. Nikampigia mzee mwenye nyumba, akasema tukutane gereji, amechoka na fundi huyu. Nilipofika, Wekesa hakunisalimia. Alinawa mikono, akaingia kiti cha pembeni.

"Leo endesha wewe. Mimi nataka kuangalia tu."

Nikaendesha. Gia zote zikaingia. Mguu wangu wa kushoto ukawaka moto mpaka machozi yakanitoka, na hapo hapo nikajua kosa ni la nani.

Sasa sikia nilichokuficha. Goti la kushoto halinyooki tangu mwaka jana. Kwenye video nakuonyesha uso, na uso hauna goti. Ule mto wa sufi ulionishonea niegemeze kiuno, naukunja nauweka nyuma ya pedeli ya klachi ili mguu usiende mbali. Umegandamana mpaka umekuwa tofali. Klachi ya zamani ilishikia juu, nusu ya safari ilitosha. Mpya inashikia chini, inataka pedeli ifike sakafuni, na mto wako umekaa njiani. Kila nikikaribia gereji nauchomoa nauficha chini ya kiti. Dereva wa kabla yangu alitaja mgongo siku moja tu, wiki haikuisha akapewa tiketi ya kwao.

Ningeweza kunyamaza. Gari lilikuwa linakwenda, na wa kufukuzwa hakuwa mimi. Tuliporudi mlangoni wazee wawili, mwenye nyumba na mwenye gereji, walikuwa wanasubiri, na Wekesa alikuwa anafuta bisibisi ambayo haikuwa chafu. Nikaingiza mkono chini ya kiti, nikautoa.

"Hii nini?" akauliza mzee mwenye nyumba.

"Mto wa mke wangu."

"Anajua kwamba unaukanyaga?"

Nikawaeleza kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, goti nikaonyesha. Mwenye gereji akaingia ndani. Wekesa akaketi juu ya tairi.

"Mzee, ungenionyesha goti siku ya kwanza, singeshusha giaboksi mara mbili."

Nikamwomba radhi. Anisamehe au asinisamehe, kazi yake anayo.

Yangu ndiyo imekwisha. Mzee mwenye nyumba hakufoka. Alisema klachi basi, nitapeleka watoto wake shule kwa gari dogo mpaka Shaabani, mkataba hautaongezwa. Kwa hiyo Ramadhani tutafunga pamoja. Najua jiko halijaezekwa na niliapa sirudi kabla halijaezekwa. Nimechoka, Mama Rukia. Nilitaka nirudi nikitembea kama bwana, nitarudi nikipepesuka kama bata.

Msalimie dada yako, mwambie mfano wa siku ya kulima haukuwa wa mumewe. Msalimie mkwe wetu fundi seremala, anitazamie mti wa kufanya mkongojo, usiwe wa kizee sana. Na mjukuu wetu Hamisi, mume mwenzangu, mwambie zamu yake inakwisha, mwenye mke anarudi.

Mto nimeufua mara tatu, bado unanuka grisi. Nitauleta hivyo hivyo. Usiku utaweka kichwa chako huku, mimi goti huku.

Ni mimi mumeo mwenye mguu mmoja na nusu,
Baba Rukia