Mwalimu Snezhina Dobreva, Aliyewafunza Wauguzi Kuulizia Maumivu

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka, na bado hatujui tukulilie vipi. Tangazo la kumbukumbu lenye picha yako tumelibandika mlangoni na kwenye miti ya mtaa, kama ilivyo desturi yetu. Ngano ya kuwakumbuka wafu imechemshwa, majirani wamekula.

Ulifundisha Kiingereza, si cha nyimbo wala cha watalii. Cha wodini. Wauguzi walijaa sebuleni kwetu, nawe ukajilaza kwenye kochi ukiugulia. "Niulizeni basi kwa Kiingereza. Maumivu yanachoma, yanakata au yanabana? Mkinyamaza nitawafia hapa hapa." Baba alitoka jikoni mbio na glasi ya maji kila mara, ingawa alijua fika kuwa ni somo.

Walifaulu mtihani wa Kiingereza. Mmoja mmoja walikwenda kufanya kazi Uingereza, na kila mmoja ulimsindikiza hadi stendi ya basi na kumpa chupa ya pilipili ulizosaga mwenyewe.

Kisha ukaugua kweli. Wodi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja. Binti yako Ralitsa akauliza kwa hasira, "Wenzake wako wapi?"

Ukacheka kwa shida. "Niliwafundisha vizuri mno."

Sisi hatukucheka. Muuguzi huyo alikuwa Malina, yule uliyemfelisha mara mbili. Ndiye aliyekushika mkono hadi mwisho.

Theluji ilipoyeyuka, Malina akaja kubisha hodi.

"Ralitsa mwanangu, nimalizie wewe yale masomo ya Kiingereza ya mama yako."

"Na wodi, Bi Malina? Unamwachia nani?"

"Binti yangu amejifungua huko Uingereza. Mjukuu namwona kwenye simu tu." Akavuta kiti. "Mama yako angesemaje?"

Baba alitazama nje dirishani. Lakini Alhamisi iliyofuata Ralitsa alimfungulia mlango wakasoma, na Alhamisi nyingine, na nyingine.

Wiki iliyopita Malina alipata barua ya kufaulu mtihani. Tulipiga makofi, tukamkumbatia. Kisha tukakaa, kila mtu akitazama mapaja yake. Anaondoka baada ya mavuno ya zabibu. Tumefurahi, Mama, au tumeumia? Tunaulizana mezani mpaka supu inapoa.

Wanaokukumbuka: mumeo Ognyan, binti yako Ralitsa, dada yako Tinka, na wanafunzi wako wote, walioko ng'ambo na huyu anayefunga mizigo.

Hututoki moyoni, Mama, leo na siku zote.