Lango la Binti Mfalme

Mjukuu wangu Kadzo,

Tumesikia hujambo huko shuleni, tumeshukuru. Mwanangu anaota meno, usingizi nimeusahau. Najua unacheka nikikuita mjukuu na nimekuzidi miaka kumi tu, lakini kwa ukoo mimi ni nyanya yako.

Unauliza kama binti mfalme, katika hadithi ya vita vya majitu, alikosea kumfungulia lango kaka yake aliyetoroka vitani.

Hata sisi tulibishana hivyo hapa Utange, tukisuka makuti. Dada yangu Mbeyu alisema, "Mimi ningemfungia nje. Wenzake wanakufa, yeye nani?"

"Wewe huna moyo," nikamwambia.

Wiki ile ile kaka yetu Karisa akatokea uani, amekimbia jeshi. Mimi niliganda. Mbeyu ndiye aliyemshika mkono, akamwingiza ndani, akampakulia sima. Alipokwisha kula akamwambia, "Lala, kaka. Kesho nitakurudisha mwenyewe."

Akamrudisha kambini kwa miguu. Vita vimekwisha, na Karisa hajarudi.

Basi mjukuu wangu, siku hizi hadithi ile ikianza, Mbeyu huchukua mtungi akaenda kisimani, nasi hatumwiti.

Nyanya yako,
Dama